Safu Isiyo na Kichwa

Mimi ndiye niliyelichora jedwali lile.
Jina. Umri. Shahada. Alama za usaili. Jumla.
Safu ya sita mkuu aliniambia niiache wazi.
"Hiyo usiiandike kichwa," akasema, akachonga penseli
kwa wembe, taratibu, maganda yakidondokea faili.

Waliitwa kumi na wanne, nafasi moja ya maabara ya maji.
Wa tisa alitoka Kiuyu, kwa meli ya usiku,
vyeti kavizongazonga kwa kanga visilowe.
Raya Shaame Faki. Nikaliita mlangoni,
na kabla hajakaa, majina yake matatu yalishakaa,
yalishavuta kiti, yalishaanza kusailiwa.

"Umesomea wapi?"
"Kyuo kikuu, hapahapa Unguja."
Kyuo.
Mmoja akamtazama mwenzake.
Hawakucheka. Naapa, hakuna aliyecheka.
Walitabasamu kama mtu aliyekiona alichokipoteza.

Wakamuuliza kama ana mchumba.
Wakamuuliza, akijaaliwa mtoto, visima atavipima nani.
Wakamuuliza, kwa mzaha, baba yake ni mtu wa upande gani.
Kurasa themanini na mbili za utafiti wake
zilikuwa mezani, chini ya bilauri ya chai.
Ikabidi aseme mwenyewe, bila kuulizwa:
kwamba bahari imeshapita chini kwa chini,
kwamba kwao wali hautiwi tena chumvi,
maji yenyewe yanatosha.

Alama themanini na nane. Nilizipiga mimi.
Na pale kwenye safu isiyo na kichwa, kwa penseli,
herufi moja. Siitaji. Ukiwa wa visiwa hivi unaijua.
Wa sita alipata sitini na moja.
Safu yake ilikuwa nyeupe.

Wiki ya tatu akaja kaunta.
"Kaka, barua sijaiona. Kama nimefeli
nambie sura gani, nikaisome."
Nikajifanya natafuta stepla.
Akanihadithia, sijui kwa nini mimi,
mwaka wa kwanza walivyogawiwa makundi:
hawa washike darubini, hawa waoshe vioo.
"Nikadhani ni zamu," akasema. "Kumbe zamu yangu
ilikuwa ya miaka mitatu."
Akacheka kidogo, akaifunga upya kanga yake.
Kidole cha shahada kilikuwa na kovu la tindikali.
Nikamwambia asubiri barua.

Na mimi?
Mimi sikusailiwa na mtu.
Mjomba alinishika mkono Jumanne moja, akanileta hapa,
akasema, "Huyu mtoto wa nyumbani,"
wakanipa kiti, wakanipa na soda.
Miaka kumi na moja nalibeba neno lile kama hirizi.
Wa nyumbani.
Sikuwahi kujiuliza mlango wa nyumba hiyo
umefungwa kwa upande gani, na nani
amekaa barazani na vyeti vyake, anasubiri kukaribishwa.

Jioni, walipokwisha kuondoka, nilichukua raba.
Nikafuta. Herufi ikatoka, alama haikutoka:
ukipitisha kidole waisoma kama kipofu.
Basi nikalichapa jedwali upya, jina kwa jina, alama kwa alama,
herufi ile nikairejesha, kwa wino sasa,
na juu ya safu ya sita, kwa herufi kubwa, nikaandika kichwa:
KWAO WAPI.
Nikaliweka juu ya meza yake, juu ya faili zote.

Usiku sikulala. Si ushujaa, ni woga mtupu,
kodi ya nyumba, ada ya skuli, watoto wawili.

Asubuhi akaniita.
Hakufoka. Alikuwa na karatasi mkononi,
na penseli ameipachika sikioni.
Akanitazama kwa upole, muda mrefu,
kama ananiona kwa mara ya kwanza.
"Hivi wewe," akaniuliza,
"mama yako ni mtu wa wapi?"